Maswali ya Wasomaji: Maji ya Zimamoto Katika Maegesho ya Ghorofa

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi mabomba yanayopandisha maji ya zimamoto katika majengo ya kuegesha magari, yale ambayo mafundi wetu huyaita raiza. Barua zilizofuata zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma. Tumezichagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Ninashiriki kusanifu jengo la maegesho la ghorofa sita, lililo wazi pande zote, karibu na katikati ya jiji la Kisumu. Mteja wetu ametuletea michoro ya jengo kama hilo lililojengwa Marekani, ambamo raiza ni kavu, yaani bomba hukaa tupu hadi gari la zimamoto lilijaze maji, na hakuna tangi wala pampu. Anasema tukiiga hivyo tutaokoa fedha nyingi. Je, tumfuate?
– Mhandisi mwanagenzi, Milimani, Kisumu

JIBU: Mchoro huo haukukosea kule ulikotoka. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani huruhusu raiza isiyo na chanzo chake cha maji katika maegesho yaliyo wazi, mradi sakafu ya juu kabisa isizidi takriban mita 45 kutoka usawa ambapo gari la zimamoto linasimama. Sababu kubwa ya kuliacha bomba likiwa kavu ni majira ya baridi, kwa kuwa maji yakiganda ndani ya bomba hulipasua, na jengo lisilo na kuta halina namna ya kulikinga. Lakini ruhusa hiyo inategemea mambo mawili ambayo mchoro hauyaonyeshi: kwamba kando ya barabara kuna haidranti, yaani mdomo wa bomba la mtaa ambapo gari la zimamoto huchota maji, yenye maji saa zote, na kwamba gari la zimamoto lenye pampu ya kutosha litafika kabla moto haujaruka kutoka gari moja hadi jingine.

Kisumu maji hayagandi, kwa hiyo sababu ya kwanza ya ukavu haipo kabisa. Yanayobaki ni hayo mawili ya haidranti na gari, na hayo huwezi kuyadhania ukiwa ofisini. Chini ya Katiba ya 2010 huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti. Nenda basi kwenye kituo cha zimamoto cha kaunti kabla hujachora mstari wa kwanza, uulize pampu za magari yao zina uwezo gani, viungio vya mipira yao ni vya aina gani, na ni haidranti ipi iliyo karibu na kiwanja chenu ambayo wao wenyewe wameifungua na kuona maji yakitoka. Kisha ifungue nawe ukiwa na kipimo cha presha mkononi, mchana na usiku, kwa sababu presha ya bomba la mtaa saa moja asubuhi si ile ya saa nane usiku.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kiwango cha Marekani cha NFPA 14, kinachohusu raiza, kinataka raiza ya daraja la kwanza, yaani yenye vali za milimita 65 zinazotumiwa na wazimamoto, itoe takriban lita 1,893 kwa dakika kwenye raiza iliyo mbali zaidi, na presha isiyopungua baa 6.9 (baa ni kipimo cha presha) ibaki kwenye vali ya juu kabisa wakati maji yanatoka. Tuseme vali hiyo iko mita 16 juu ya mdomo wa kuingizia maji: kimo hicho peke yake kinakula baa 1.6 hivi. Tuseme tena kwamba urefu wa bomba kutoka mdomoni hadi hapo, pamoja na viwiko na vali vikigeuzwa kuwa urefu, ni mita 80. Kwa bomba la milimita 100 lililozoea kujaa maji, msuguano utakula takriban baa 1.3, na kwa bomba kavu la kipenyo hichohicho, ambalo hesabu hulichukulia kuwa na kutu zaidi, utakula baa 1.8. Jumla ya bomba kavu inafika baa 10.3. Pampu nyingi za magari ya zimamoto hupimwa kwa baa 10 katika mtiririko wake kamili, na bado hatujahesabu mpira unaotoka kwenye gari hadi ukutani. Raiza hiyo ingepita ukaguzi wa macho bila shida, na siku ya moto ghorofa ya juu ingepata maji dhaifu.

Badilisha bomba liwe la milimita 150 na msuguano unashuka hadi karibu sehemu ya saba ya ule wa kwanza. Huhitaji kulipanua bomba lote: panua ile sehemu ndefu ya ulalo inayotoka barabarani hadi kwenye ngazi, kwa maana maegesho ni majengo mapana kuliko marefu, na presha hupotelea kwenye upana. Ni jambo ambalo wasanifu waliozoea majengo ya ofisi hulisahau mara nyingi, kwa kuwa wao huhesabu kwenda juu tu.

Kuna pia hesabu ya idadi ya raiza. Jengo lenu likiwa na ngazi mbili, kila moja na raiza yake, kiwango hichohicho kinaongeza takriban lita 946 kwa dakika kwa ile ya pili, na jumla inapita lita 2,800. Gari moja lenye pampu ya lita 2,000 halitoshi. Hapo ndipo mteja wako anapaswa kuelezwa kwamba fedha alizookoa kwa kuacha tangi na pampu hazikutoweka. Amewakabidhi wazimamoto deni hilo, na huenda wasiwe na uwezo wa kulilipa.

Ushauri wangu kwa jengo hilo ni raiza iliyojaa maji saa zote, ikilishwa na tangi na pampu ya jengo lenyewe, na ikiwa pia na mdomo wa nje ili gari la zimamoto likifika liongeze nguvu. Tangi la dakika 30 kwa raiza mbili ni takriban mita za ujazo 85. Ni kubwa, nakubali, na mteja atalalamika. Fedha zikikosekana kabisa, njia ya pili kwa ubora ni raiza kavu iliyopanuliwa kama nilivyoeleza, pamoja na tangi lililo kando ya njia ya gari, lenye bomba la kufyonzea ambalo gari la zimamoto linaweza kujiunga nalo moja kwa moja. Njia isiyofaa ni raiza kavu isiyo na chochote nyuma yake.

Jambo la mwisho katika barua yako ni viungio. Michoro ya Marekani huonyesha viungio vya kukaza kwa nyuzi kama parafujo. Magari yetu mengi yamerithi mtindo wa Uingereza, ambao kiungio husukumwa na kujifunga chenyewe. Agiza vali zenye viungio vinavyolingana na mipira ya kituo chenu, na uandike hivyo waziwazi kwenye orodha ya vifaa, kwani mkandarasi ataleta kilicho rahisi sokoni.

SWALI: Tunajenga maegesho yenye ghorofa mbili chini ya ardhi na tatu juu, Nakuru mjini. Muuzaji ametupa pampu ya dizeli ya zimamoto ambayo cheti chake kinaonyesha nguvu inayotosha sawasawa. Tangi liko chini kabisa na pampu imewekwa juu yake, kwenye usawa wa barabara. Kuna la kuangalia?
– Msimamizi wa ujenzi, Nakuru

JIBU: Yapo matatu, na mawili yanatokana na mahali mlipo.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli inayopumua hewa nyepesi hutoa nguvu kidogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye cheti. Kiwango cha NFPA 20, kinachohusu pampu za zimamoto, kinaagiza kupunguza asilimia 3 ya nguvu ya injini kwa kila mita 300 zinazozidi mita 91 za kwanza. Kwa Nakuru punguzo hilo linazidi kidogo asilimia 17, na hata Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, linafika asilimia 10. Injini inayotosha sawasawa kwenye karatasi, basi, haitoshi. Mwulizeni muuzaji awape maandishi ya mtengenezaji yanayoonyesha nguvu ya injini ileile kwenye kimo cha Nakuru. Mota za umeme nazo hazikusalimika: kwa kawaida hupimwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000, na kupita hapo hewa haizipozi ipasavyo, kwa hiyo huchaguliwa kubwa kidogo.

La pili ni pampu kuwa juu ya tangi, na hili limenisumbua zaidi. Pampu haivuti maji. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kuingia ndani yake. Usawa wa bahari hewa inaweza kuinua maji kinadharia hadi mita 10.3, ilhali Nakuru ni mita 8.3 hivi. Zile mita mbili zilizopotea ndizo ambazo msanifu aliyejifunzia pwani huzitegemea. Mbali na hapo, pampu ya aina hiyo ikipoteza maji yaliyo kwenye bomba la kufyonzea kwa sababu ya vali ndogo inayovuja, itazunguka ikiwa tupu siku inapohitajika na kujiunguza. Pampu za kawaida za kuzungusha katika kazi ya zimamoto huwekwa ili maji yaingie yenyewe kwa uzito wake, tangi likiwa juu ya pampu. Teremsheni pampu kwenye chumba kilicho kando ya tangi, chenye ukuta unaostahimili moto, mlango unaofikika kutoka ngazi, na mfereji wa kutolea maji ili chumba kisigeuke bwawa. Kama hilo haliwezekani, ipo pampu ya wima ambayo sehemu yake ya kusukumia huzama ndani ya tangi. Ni ghali lakini huondoa tatizo lote.

La tatu linahusu presha kuwa kubwa mno. Watu wengi huogopa upungufu tu. Pampu iliyochaguliwa itoe baa 9 katika mtiririko kamili inaruhusiwa kupanda hadi asilimia 140 ya presha hiyo wakati vali zote zimefungwa, yaani baa 12.6. Kikomo kwenye vali ya milimita 65 ni baa 12.1. Katika jengo lenu vali za ghorofa ya pili chini ya ardhi zinaongezewa uzito wa maji yaliyo juu yake, hivyo zitavuka kikomo. Kabla hamjakimbilia vali za kupunguza presha, ambazo zisipotunzwa hukwama, tafuteni pampu yenye mkunjo wa bapa, ambayo presha yake haipandi sana mtiririko unaposimama.

Na pampu ikiwa ya umeme, nyaya zake zisipitie kwenye swichi kuu ambayo wazimamoto wataizima wakifika. Nimeona mchoro wa namna hiyo ukipigwa muhuri.

SWALI: Nina jengo dogo la maegesho la ghorofa tatu mjini Kakamega. Tayari nimeweka mipira myekundu inayoviringishwa kwenye magurudumu ukutani, pamoja na vizima moto vya kubebeka. Jamaa mmoja ananiambia nahitaji raiza pia. Je, si kunigharimu bure?
– Mwenye jengo, Kakamega

JIBU: Mzee wetu, mipira hiyo ni kwa ajili ya mlinzi wako na wateja, katika dakika za mwanzo, moto ukiwa bado chini ya boneti. Hutoa makumi machache ya lita kwa dakika, ilhali vali moja ya wazimamoto hukusudiwa kutoa lita mia tisa na zaidi. Gari likishashika hadi kwenye viti na tangi la mafuta, mtu hawezi hata kulikaribia kwa umbali wa ule mpira.

Yaliyotokea nje yanafundisha. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2017, moto ulioanza kwenye gari moja katika maegesho ya ghorofa ya King's Dock mjini Liverpool uliteketeza zaidi ya magari elfu moja. Januari 2020 mamia yaliungua katika maegesho ya uwanja wa ndege wa Sola, Norway. Tarehe 10 Oktoba 2023 zaidi ya magari 1,400 yaliharibika katika uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, na sehemu ya jengo ikaporomoka. Maegesho ya Liverpool na ya Luton yalikuwa wazi pembeni, na yote mawili hayakuwa na vinyunyizio vya dari. Kwa miaka mingi wasanifu waliamini kwamba jengo lililo wazi hupitisha moshi na joto, kwa hiyo moto ungebaki kwenye gari moja au mawili. Magari ya leo yana plastiki nyingi, ni mapana zaidi na huegeshwa yakikaribiana. Upepo uleule unaoondoa moshi huupuliza moto hadi kwenye gari la jirani. Toleo la 2023 la kiwango cha Marekani cha maegesho, NFPA 88A, limeanza kudai vinyunyizio hata katika maegesho yaliyo wazi.

Kwa ghorofa tatu sitakuambia ujenge mfumo wa jengo la ghorofa ishirini. Hata hivyo gari la zimamoto haliwezi kuingia kwenye maegesho yenye dari ya mita mbili na robo, na wazimamoto wakilazimika kuburuta mpira kutoka barabarani kupitia rampu zinazozunguka hadi ghorofa ya tatu, watatumia muda na mipira ambayo huenda hawana. Raiza moja kwenye kila ngazi huondoa mburuto huo. Mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya akupimie umbali: katika jengo lisilo na vinyunyizio, kila pembe inapaswa kufikiwa ndani ya takriban mita 46 za njia ya mpira kutoka kwenye vali, ukifuata njia anayopita mtu, si mstari wa ndege.

SWALI: Mimi ni mtunza jengo. Vifuniko vya shaba vya vali zetu vimeibiwa, na madereva huegesha mbele ya zile zilizobaki. Tufanyeje?
– Msomaji, Bungoma

JIBU: Wizi wa shaba hauwezi kuachiwa mlinzi peke yake. Vifuniko vya plastiki ngumu havina soko kwa wauza vyuma chakavu, navyo vinazuia uchafu vilevile. Vali zenyewe ziwekwe ndani ya kabati lenye kioo au kifungo ambacho mzimamoto hukivunja bila ufunguo. Epuka kufuli za kawaida, kwa sababu ufunguo huwa mfukoni mwa mtu aliye likizo. Mdomo wa kuingizia maji ulio nje ukaguliwe kwa kuingiza mkono, kwani katika raiza kavu watu hutia chupa, mawe na karatasi, na takataka hizo husukumwa hadi kwenye ncha ya mpira moto ukiwaka.

Kuhusu madereva, rangi ya njano sakafuni haiwazuii. Simamisha nguzo fupi za chuma zilizojazwa zege, umbali wa kumtosha mtu kusimama na kuzungusha vali, na ziwe za kulinda bomba pia, maana bomba lililo kwenye kona ya rampu litagongwa tu, ni suala la lini. Kwa majengo mapya suluhisho bora ni kuziweka vali ndani ya ngazi au kwenye kibaraza cha kuingilia ngazi, kati ya sentimita 90 na mita moja na nusu kutoka sakafuni. Mzimamoto hujiunganisha akiwa mahali salama, kisha anafungua mlango na kuingia akiwa na maji mkononi.

SWALI: Mkandarasi anataka kutukabidhi raiza wiki ijayo. Tudai majaribio gani kabla ya kulipa?
– Kamati ya ujenzi, Kisumu

JIBU: Kwanza mkubaliane ni kiwango kipi mlichosanifia, cha Uingereza au cha Marekani, na msichanganye kipande cha hiki na cha kile. BS 9990 ya Uingereza hujaza raiza kavu maji hadi baa 12 na kuishikilia dakika 15 huku watu wakitembea kwenye kila kiungo kutafuta uvujaji. NFPA 14 hudai angalau baa 13.8 kwa saa mbili. Jaribio lifanyike kabla ya rangi na kabla ya dari, mkiwepo nyinyi na mhandisi wenu, na kipimo cha presha kiwe na cheti cha karibuni kinachothibitisha usahihi wake.

Mkandarasi akimaliza hapo atataka kuondoka, lakini jaribio hilo limethibitisha tu kwamba bomba halivuji. Dai la pili, ambalo mara nyingi huachwa: vali za juu zifunguliwe na maji yatiririke kwa kiasi kilichosanifiwa, pampu ya jengo au gari la zimamoto likisukuma, na presha ipimwe papo hapo juu. Mwalike afisa wa zimamoto wa kaunti aje na gari lake na mipira yake. Viungio visipolingana mtajua siku hiyo. Andaeni mahali maji yatakapoelekea, kwa kuwa karibu lita elfu mbili kwa dakika juu ya paa zitatafuta njia ya kushuka kwenye magari ya majirani.

Angalieni pia kwamba kileleni mwa raiza kavu pana vali ya kutoa hewa na chini kabisa pana ya kutolea maji, na kwamba bomba limeinama kidogo kuielekea. Maji yanayobaki ndani baada ya jaribio, katika unyevu wa kando ya ziwa, hulila bomba kutoka ndani ambako hakuna anayeona. Mpeni mkandarasi malipo ya mwisho baada ya kupokea michoro ya jengo kama lilivyojengwa, hesabu za presha zilizotiwa sahihi, na ratiba ya ukaguzi: kuangalia kwa macho kila miezi sita na kujaza raiza kavu maji kila mwaka, ikiwa mmefuata kiwango cha Uingereza. Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024 imechukua nafasi ya ile ya 1968, kwa hiyo vibali vyenu vikiwa vilitolewa kabla haijaanza kutumika, mwombeni afisa wa kaunti athibitishe kwa maandishi ni masharti yapi atakayoyatumia kukagua jengo.